Kijumba cha Mfano: Paa Lake, Bustani Yake na Faida Yake

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wasomaji watakuta habari za maghala, za mizani, za mikopo na za bei za mazao. Hizo ndizo habari za kazi yetu ya kila siku, nazo zimeandikwa na wenye kuzijua. Sisi tumepewa kurasa chache za kueleza jambo lililo dogo kwa umbo, nalo ni kijumba cha mfano: nyumba iliyojengwa kwa kipimo cha kupunguza, ikaezekwa kwa mkono, ikazungushiwa bustani ya kadiri yake.

Twalieleza jambo hili kwa sababu liko mbele ya wanachama. Katika Mkutano Mkuu uliopita baadhi ya vyama vya msingi vilitoa hoja kwamba katika uwanja wa ofisi yetu kijengwe kijumba cha namna hiyo, mfano wa nyumba ya makuti ya pwani, kiwe alama ya sherehe hizi. Wajumbe wengine waliuliza, tena kwa haki: Je, shilingi ya mkulima wa korosho ikanunue mchezo wa watoto? Hoja haijaamuliwa. Basi, kabla ya kupiga kura, yafaa tujue wenzetu wa zamani na wa nchi nyingine walijenga vijumba kwa kusudi gani, kwa ufundi gani, na vikawaletea nini.

VIJUMBA VYA WATU WA KALE

Habari za kazi hii zaanza katika bara letu wenyewe. Mnamo mwaka 1920 wachimbaji wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, wakiongozwa na Bwana Herbert Winlock, walikuwa wakisafisha kaburi la kale huko Thebes, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Kaburi lilikuwa la Meketre, msimamizi mkuu wa mali ya mfalme, aliyeishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Wezi walikuwa wamekwisha kuliibia zamani, wala haikutazamiwa kuonekana kitu cha maana. Lakini palikuwa na chumba cha siri ambacho wezi hawakukigundua, na ndani yake mlijaa vielelezo vya mbao vilivyopakwa rangi: mashua, ghala la nafaka pamoja na makarani wake, mahali pa kuoka mikate na kupika pombe, karakana ya maseremala, chumba cha wafumaji wa nguo, hata na ng'ombe wakihesabiwa mbele ya bwana wao.

Katika vielelezo hivyo vimo viwili vinavyohusu habari yetu. Kila kimoja ni ukumbi wa nyumba wenye nguzo zilizopakwa rangi, na mbele ya ukumbi ipo bustani iliyozungushiwa ukuta. Katikati ya bustani pana bwawa, nalo fundi alilitandika shaba ili liweze kushika maji ya kweli. Kandokando ya bwawa imesimama miti ya mkuyu, mti ule ule tuujuao sisi, nayo imechongwa kwa mbao, jani kwa jani, na matunda yake yakaonyeshwa. Paa la ukumbi ni la bapa, lina mifereji ya kumwaga maji ya mvua, ijapokuwa katika nchi ile mvua ni chache mno. Leo kielelezo kimoja cha bustani kiko New York na cha pili kiko Cairo.

Kusudi la Wamisri halikuwa mchezo. Waliamini kwamba marehemu atahitaji huko aendako kivuli, maji na chakula, na kwamba kielelezo kilichofanywa kwa uaminifu kitampatia. Imani hiyo ni yao. Lakini ona matokeo yake kwetu sisi: majumba ya wakuu wa zama zile yalijengwa kwa matofali ya udongo, na mengi sana yamerudi kuwa udongo. Bustani zao zilikauka. Mtu akitaka kujua leo ukumbi ule ulikaaje, miti ilipandwa kwa mpango gani na bwawa lilikuwa upande upi, humwendea Meketre.

Mambo kama hayo yalitokea Uchina. Katika enzi ya wafalme wa Han, tangu mwaka 206 kabla ya Kristo hata mwaka 220 baada yake, watu walizikwa pamoja na vijumba vya udongo wa kuchoma: nyumba za ghorofa, minara, maghala, visima, hata mazizi ya nguruwe. Mapaa yake yameonyeshwa vigae vyake mstari kwa mstari. Majengo makubwa ya enzi ile yalikuwa ya mbao, nayo yameoza au kuungua moto, hata wataalamu wa historia ya ujenzi wakategemea sana vijumba hivyo vya makaburini ili kujua mapaa ya Wahan yalichukuliwaje na nguzo zao. Huo nao ni mfano wa pili wa kidogo kubaki na kikubwa kutoweka.

Wala si mambo ya mbali tu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na desturi ya kujenga uani vibanda vidogo vya nyasi kwa ajili ya wazee waliokufa. Vilikuwa vidogo mno, mtu mzima asingeweza kuingia, lakini viliwekewa miti na kuezekwa kwa mkono. Basi asiseme mtu kwamba kijumba ni jambo la kigeni lililoletwa na vitabu.

KIJIJI KILICHOJENGWA KATIKA BUSTANI YA MBOGA

Sasa na tuvuke bahari hata Uingereza, kwa sababu huko kuna kielelezo kinachofanana kabisa na hoja iliyo mbele yetu. Katika jimbo la Gloucestershire, kwenye vilima viitwavyo Cotswold, kuna kijiji kiitwacho Bourton-on-the-Water. Mto mdogo, Windrush, wapita katikati yake, ukivukwa na madaraja mafupi ya mawe. Nyumba nyingi za huko ni za mawe ya rangi ya asali, na mapaa ya zile za zamani ni ya mawe pia.

Katika kijiji hicho ipo nyumba ya wageni iitwayo Old New Inn, na nyuma yake palikuwa na bustani ya mboga. Katika miaka ya 1930 mwenye nyumba hiyo aliwakusanya mafundi wa pale pale kijijini, na katika bustani ile wakajenga mfano wa kijiji chao wenyewe: nyumba za watu, maduka, kanisa, kinu cha maji, madaraja, na mto wenye maji yanayopita. Kijiji hicho kidogo kilifunguliwa mwaka 1937, mwaka wa kutawazwa Mfalme George wa Sita.

Kipimo walichotumia ni moja kwa tisa. Maana yake, kila futi 9 za kijiji kikubwa zimekuwa futi 1 katika kile kidogo. Mlango wa futi 6 umekuwa wa inchi 8. Mtu mzima akisimama njiani, mapaa ya nyumba nyingi yako chini ya macho yake, naye huweza kuyatazama kwa namna ambayo ni ndege tu awezaye kuyatazama mapaa ya kweli.

Mafundi wale hawakukiuka ukweli hata pale ambapo ungewatia taabu. Kwa kuwa nyumba ya wageni imo katika kijiji, nayo iliingia katika mfano. Na kwa kuwa nyuma yake pana kijiji cha mfano, hapana budi mfano nao uwe na mfano wake. Hivyo nyuma ya Old New Inn ndogo kipo kijiji kidogo zaidi, ambacho kipimo chake ni moja kwa 81, na mlango wa futi 6 humo haufiki hata inchi 1. Wageni hucheka wakikiona, lakini fundi aliyepewa kazi ya kukijenga bila shaka hakucheka sana.

Mwaka 2013 kijiji hicho kidogo kiliandikwa katika orodha ya majengo ya Uingereza yanayolindwa kwa sheria. Yaani serikali ilikubali kwamba vijumba vilivyojengwa na mafundi wa kijijini vyastahili kulindwa kama vile makanisa na majumba ya mabwana.

PAA NDILO KAZI

Mwenye kujua ujenzi atakubaliana nasi kwamba ukuta wa kijumba si kazi ngumu sana. Kazi yenyewe iko juu, katika paa. Ili tuelewe waliyoyafanya watu wa Bourton, yafaa kwanza tueleze jinsi paa la mawe la nchi ile linavyofanywa.

Mawe ya kuezekea huchimbwa ardhini, na yaliyosifika sana yalitoka Stonesfield, katika jimbo jirani la Oxfordshire. Jiwe la huko lilichimbwa likiwa na unyevu wake wa asili, likatandazwa nje wakati wa baridi kuu, wala halikuachwa likauke. Usiku jalidi ilipoingia, maji yaliyomo kati ya matabaka ya jiwe yaliganda, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, yalilipasua jiwe likawa mabamba membamba. Kazi ambayo nyundo ingeifanya kwa kuharibu, baridi iliifanya kwa upole na bila malipo. Kisha mafundi walichonga kingo za kila bamba na kulitoboa tundu, likapigwa kijiti cha mti na kuangikwa juu ya pao.

Mabamba hayo hupangwa kwa ukubwa. Makubwa na mazito hukaa chini kwenye upenu, ambako ukuta upo karibu kuyabeba, na ambako maji ya paa zima hupitia. Kadiri fundi apandavyo, mabamba huwa madogo, hata yale ya kileleni huwa madogo kabisa. Paa lenyewe huwekwa wima sana, kwa sababu jiwe lina mikwaruzo na vinyweleo, na maji yakikawia juu yake huingia ndani. Sura ile ambayo wageni huisifu kwa uzuri wake haikubuniwa kwa ajili ya uzuri. Ni mzigo, maji na thamani ya mawe ndivyo vilivyoileta.

Basi, mafundi wa kijiji kidogo wangeweza kumwaga saruji na kuichora mistari, ionekane kama mawe kwa mtu apitaye mbio. Hawakufanya hivyo. Walitumia mawe yale yale ya Cotswold kwa kuta, na mapaa wakayaezeka kwa vibamba vya mawe vilivyochongwa vidogo. Ndiyo maana mtoto wa shule akilitazama paa la kijumba kile huweza kujifunza kanuni zote za paa kubwa. Kama wangetumia saruji, angejifunza rangi tu. Tena ikumbukwe kwamba machimbo ya Stonesfield yalikwisha kufungwa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla kijumba cha kwanza cha Bourton hakijawekewa msingi. Ufundi wa mawe ulikuwa unapungua wakati ule ule walipouweka katika mfano.

BUSTANI NA UDANGANYIFU WA MITI

Baada ya paa yafuata bustani, nayo ina matatizo ya peke yake. Mbao na mawe hukubali kupunguzwa, lakini mti hukua. Watu wamelijibu tatizo hilo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Wamisri, yaani kuchonga miti. Njia hiyo ilifuatwa pia katika kijumba mashuhuri kilichotengenezwa kati ya mwaka 1921 na 1924 kwa ajili ya Malkia Mary wa Uingereza. Kipimo chake ni inchi 1 kwa futi 1, na aliyekichora ni Bwana Edwin Lutyens, msanifu mkubwa wa majengo wa wakati wake. Ndani yake mna taa za umeme, lifti, na mabomba yatoayo maji. Bustani yake ilibuniwa na Bibi Gertrude Jekyll, mjuzi wa bustani aliyesifika sana, nayo imefichwa chini ya nyumba ndani ya mtoto wa meza. Ukiuvuta, bustani yatokea na vichaka vyake na maua yake yote, ambayo hayatanyauka kamwe kwa kuwa ni ya kutengenezwa.

Njia ya pili ni kupanda mimea hai na kuitawala kwa mkasi. Hiyo ndiyo iliyofuatwa Bourton, na kabla yake katika kijiji kidogo cha Bekonscot, kilichofunguliwa mwaka 1929 katika mji wa Beaconsfield na Bwana Roland Callingham, mhasibu wa London, katika bustani karibu na nyumba yake. Hapo miti ya jamii fupi hupandwa, hukatwa mizizi na matawi, na kuzuiwa isivuke kimo cha nyumba. Kazi hiyo haina siku ya mwisho. Nyumba ya mfano huweza kungoja mwaka kabla ya kupakwa rangi, lakini mti usiokatwa msimu mmoja huifanya nyumba iliyo kando yake ionekane kama kiberiti kilichoanguka porini. Mtunza bustani ndiye aliyeshika ukweli wa kipimo, siku baada ya siku.

Bekonscot wanatupa fundisho jingine. Kwa miaka mingi walijaribu kwenda na wakati. Kila mitindo ya majengo ilipobadilika Uingereza, nao waliondoa vijumba vya zamani na kuweka vipya. Mwishowe waliona kwamba wanabomoa kitu kile kile ambacho watu walikuja kukitazama, na mwaka 1992 wakaazimu kurudisha kijiji kizima katika hali ya miaka ya 1930. Kielelezo kizuri huchagua wakati wake na kuushika.

FEDHA ILIKWENDA WAPI

Tukiwa watu wa ushirika, hatuwezi kupita bila kuuliza habari za fedha. Hapa majibu ni mazuri kuliko tulivyotazamia.

Kijumba cha Malkia Mary kilionyeshwa katika Maonyesho ya Wembley mwaka 1924, na watu zaidi ya milioni 1 na nusu walikwenda kukiona. Viingilio vyake vilikusudiwa kusaidia kazi za huruma za Malkia. Leo kimo katika ngome ya Windsor. Bekonscot nayo, tangu miaka yake ya mwanzo, imekuwa ikitoa mapato yake kwa kazi za kusaidia wenye shida.

Lakini habari inayogusa moyo zaidi ni ya Uholanzi. Katika mji wa Den Haag kuna mji mdogo wa mfano uitwao Madurodam, wenye kipimo cha moja kwa 25, uliofunguliwa tarehe 2 Julai 1952. Umepewa jina la George Maduro, kijana aliyezaliwa katika kisiwa cha Curaçao, akaenda Uholanzi kusoma sheria, akapigana na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, na akafa mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Dachau. Wazazi wake walitoa fedha za kuanzia, ili mji huo mdogo uwe ukumbusho wa mwana wao. Na mapato yalikusudiwa nini? Yalikusudiwa kusaidia hospitali ya wanafunzi wenye kifua kikuu, ili wagonjwa waweze kuendelea na masomo yao wakiwa wanatibiwa. Wazo la kujenga mji huo lilitokana na Bekonscot. Meya wa kwanza wa Madurodam alikuwa Binti Mfalme Beatrix, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Na baraza lake lilikuwa la vijana wa shule za mji.

Basi, swali la wajumbe wetu, kama shilingi ya mkulima inunue mchezo, lina jibu katika historia. Vijumba hivi vililipa kiingilio cha watu, na kiingilio kikalipa dawa. Lakini haki yatupasa kusema upande wa pili pia. Vyote hivyo viko mahali penye wageni wengi, na vyote vina watu wa kuvitunza mwaka mzima. Kijumba kisicho na mtunzaji hakileti kitu ila huzuni.

MAKUTI YETU

Sasa turudi nyumbani. Wajumbe waliotoa hoja wanataka nyumba ya makuti ya pwani, nasi twaona wamechagua vyema, kwa sababu ndiyo inayoondoka mbele ya macho yetu. Bati limeingia kila kijiji, wala hatulilaumu. Mwenye watoto na vitabu vya shule ana haki ya kulala pasipovuja, na bati halidai kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini pamoja na makuti kunaondoka maarifa. Kijana wa leo ajua neno paa. Muulize kombamoyo ni mti upi, au mtambaapanya hukaa wapi, naye atamtazama babu yake.

Ufundi wa makuti una kanuni zake, sawasawa na ule wa mawe ya Stonesfield. Yako makuti ya kumba, ambayo husukwa na kufaa zaidi kwa ua na vibanda vya muda. Na yako makuti ya viungo, ambayo majani yake hukunjwa juu ya kijiti, moja likifuata jingine, kisha yakashonwa yasitoke. Haya ndiyo ya kuezekea nyumba ya kukaa. Fundi huanza upenuni akapanda kwenda kileleni, na kila mstari hufunika kichwa cha mstari ulio chini yake, ili tone likishuka lisikute mlango wa kuingia. Siri ya uimara iko katika nafasi kati ya mstari na mstari. Fundi abanaye makuti hutumia mengi leo, na mwenye nyumba hunung'unika. Lakini paa lake hudumu kuliko la jirani aliyeyatawanya. Hayo ni maarifa ya mkono. Hayaandikwi yakakaa, hufanywa yakaonekana.

Tukifuata kipimo cha Bourton, nyumba yenye upana wa futi 27 na urefu wa futi 36 itakuwa kijumba cha futi 3 kwa futi 4, na kilele cha futi 18 kitakuwa cha futi 2. Hicho ni kimo cha mtoto kukizunguka na kukitazama pande zote. Lakini mafundi wajihadhari na mambo mawili. Kwanza, jani la mnazi halijui kipimo. Lenye upana wa inchi 2 halina budi kupasuliwa hata lisifike robo ya inchi, ama litumike jani jingine jembamba, kama ukindu. Pili, mvua nayo haijui kipimo. Tone litakaloanguka juu ya kijumba ni lile lile lianguka juu ya ghala letu, na ezeko la unene wa moja kwa tisa halitalizuia. Kwa hiyo paa liwe na mwinamo mkali, na kijumba chote kijengwe chini ya banda la wazi lenye kukinga mvua ya masika. Wenzetu wa Ulaya walijenga kwa mawe wakaweza kuacha nje. Sisi tunaojenga kwa majani tusijidanganye.

Kuhusu bustani, mnazi wa futi 60 katika kipimo hiki ni wa futi 6 na inchi 8, hivyo hata miche ya mikindu, ikibadilishwa inapokua, yaweza kusimama badala ya minazi. Uani pawekwe kisima, kinu na mchi, jiko la mafiga, na uchaga wa kuanikia. Njia zimwagwe mchanga mwembamba wa bahari. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mwenye saburi.

Pengine mtu atasema kwamba kazi hii imekwisha kufanywa na serikali. Ni kweli kwamba Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, ina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake kamili, na Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 huko Nairobi, inayo ya kwake. Hizo ni hazina za taifa, na kila mwanachama apataye nafasi na aende akazione. Lakini mtoto wa kijijini kwetu hafiki huko, na fundi wetu hakuitwa kwenda kuzijenga. Mcheza kwao hutunzwa.

SHAURI LETU

Historia tuliyoieleza yatupa mashauri matatu, nasi twayaweka mbele ya wanachama ili wayapime.

Kwanza, kijumba kijengwe kwa vitu vya kweli, na paa lake liezekwe kama paa, wala lisichorwe. Kikijengwa kwa saruji na rangi, wale waliokiita mchezo wa watoto watakuwa wamesema kweli. Wazee wanaojua kazi waitwe wakingali na nguvu, na kila mzee apewe vijana wawili wa vyama vya msingi wa kumshikia kamba na kujifunza. Posho zao ziwe ndiyo gharama kubwa ya kazi nzima, maana hicho ndicho tunachokinunua.

Pili, lisiwekwe jiwe la msingi kabla Bodi haijaleta makisio ya utunzaji wa kila mwaka, pamoja na jina la cheo cha mwenye kuwajibika. Bourton na Bekonscot zimedumu kwa kutunzwa. Kama makisio hayo hayawezi kubebwa, ni heri hoja ingoje mwaka mwingine kuliko kujenga gofu dogo mbele ya ofisi. Na kama kitawekwa kisanduku cha michango ya wageni, mapato yasomwe katika Mkutano Mkuu, na kwa mfano wa Madurodam yaelekezwe katika jambo moja linalojulikana, kama vile vitabu vya wanafunzi wa wanachama.

Tatu, pawekwe kibao chenye majina ya waliokijenga. Jina la Meketre limetufikia baada ya miaka 4,000, lakini jina la seremala aliyemchongea mikuyu yake, jani kwa jani, hatulijui wala hatutalijua. Huo ulikuwa utaratibu wa zama za bwana mmoja na mali yake. Ushirika una utaratibu mwingine: mali ni ya wengi, kazi ni ya wengi, na heshima nayo igawanywe. Aliyepasua jani aandikwe, aliyeshona kuti aandikwe, na aliyemwagilia bustani aandikwe.

Twawatakia wanachama wote sherehe njema, na katika miaka 10 ijayo Mungu atujalie umoja, mavuno mema na mizani ya haki.